Karatasi za Buluu katika Nyumba ya Kiponda

Nilimwahidi Dk. Ruzuna kwamba sitaandika neno hata moja juu ya nyumba ya mama yake, ile ya Kiponda, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aniambie kwa kinywa chake kwamba niandike. Ahadi hiyo niliitoa nikiwa kijana niliyetoka chuoni juzi, nimesimama juu ya kifusi, viatu vimejaa tope jeupe. Nimeishika tangu wakati huo. Nimeishika darasani, nilipokuwa nikifundisha habari za chokaa huku wanafunzi wakipiga miayo. Nimeishika mikutanoni, nilipoulizwa kama nina mfano wa nyumba halisi nikajibu kwamba sina. Mwezi uliopita, katika hitima ya arobaini ya Dk. Ruzuna, tulikuwa tumeketi mkekani ukumbini kwa kaka yake, Mbweni, sinia la pilau katikati yetu, na yule kaka, Mzee Nassor, akaniinamia. "Idrisa," alisema kwa sauti ya chini, "ile habari ya nyumba yetu, iandike." Nikamtazama. Mama yao alikwisha kufa, dada yake alikuwa kaburini, na mwenye nyumba aliyebaki alikuwa yeye peke yake. "Iandike yote," akasema, akaurudisha mkono wake kwenye sinia bila ya kuchota kitu. "Na mimi nitie humo humo."

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza wakati wa kipupwe, nilipomaliza shahada yangu ya kwanza na chuo kikanichukua kwa mkataba wa mwaka mmoja kuwa msaidizi katika maabara ya Dk. Ruzuna. Alikuwa mhadhiri wa kemia isokaboni, yaani kemia ya mawe, chumvi na metali, vitu visivyokuwa na uhai. Na kwa miaka mingi alikuwa ndiye mwanamke pekee wa somo hilo katika idara yetu. Maabara yake ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya juu, chenye meza mbili za terazo zilizoliwa na asidi, tanuri la umeme lililogoma kila umeme ulipokatika, na kabati la vioo ambalo kila chupa ndani yake ilikuwa na lebo kwa mwandiko wake mwembamba, ulioinama kidogo kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Hakuruhusu kuliwa chochote ndani ya chumba hicho. Chai tuliinywa nje, kwenye ngazi, bilauri zetu zikiwa kwenye kipandio cha kati na mkate wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa, yeye ameketi juu kidogo, mimi chini. Hapo kwenye ngazi ndipo nilipojifunza zaidi kuliko ndani.

Alisomea shahada yake ya uzamivu katika nchi ya baridi, na utafiti wake ulikuwa juu ya metali iitwayo kobalti na michanganyiko yake ya rangi. Siku moja alinifungulia droo na kunionyesha vichupa viwili vilivyozibwa kwa moto, kimoja chenye chembe za kijani kibichi, kingine za zambarau. Aliniuliza kwa nini rangi zimetofautiana. Nikajibu kwamba bila shaka ni vitu viwili mbalimbali. "Hapana," alisema. "Vilivyomo ni vilevile, na kwa idadi ileile. Mpangilio tu ndio uliobadilika, nani amekaa karibu na nani." Akavishika vyote viwili mbele ya dirisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hawa ndio niliokuwa nao siku zile," alisema, kama mtu anayetaja marafiki. Kisha akafunga droo. Aliporudi nyumbani alikuta mashine za kuendeleza kazi ile hazipo, na kila sampuli aliyoipeleka nje kwa posta ilipimwa wakati wenzake wameshachapisha. Kwa hiyo alitazama kando yake kuona ni kitu gani cha kemia isokaboni kilichoweza kupimwa kwa tanuri bovu na mizani moja, na alichokiona ni ukuta. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, yakatiwa maji yakachemka, kisha yakaachwa yarudi taratibu kuwa jiwe kwa kuivuta hewa ya ukaa kutoka pumzi zetu. Hayo ndiyo maneno yake. Alipenda kusema kwamba ukuta wa zamani umeshikwa pamoja na pumzi za waliokaa ndani.

Wenzake hawakumwelewa, na wengine hawakutaka kumwelewa. Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha chai cha walimu, nikisubiri funguo za stoo, mlango u wazi kidogo. "Huyu Ruzuna," alisema mmoja, "kaenda Ulaya kusomea kobalti, karudi kusomea ukuta." Wakacheka. "Muache bwana, Bi. Chokaa huyo," akadakia mwingine. "Mkimpa uprofesa mtampaka chokaa au mtamvisha joho?" Wakacheka tena, na mmoja akasema, bila ubaya kabisa, kwamba kazi zake ni nzuri ila zote ni za matofali madogo madogo ya maabara, laiti angekuwa na jengo moja halisi, linalokaa watu, la kuonyesha, basi nani angemkatalia cheo? Kugeuza shingo yangu nikamkuta Dk. Ruzuna amesimama nyuma yangu, na bilauri yake mkononi. Alikuwa amesikia yote. "Wa mwisho kasema kweli," aliniambia tulipokuwa tunapanda ngazi. "Ninalo jengo, Idrisa. Kesho twende."

Nyumba yenyewe ilikuwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe huohuo, katika uchochoro ambao wawili wakipishana mmoja lazima ageuke ubavu. Alikaa humo mama yake, Bi. Time, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye alinipokea kwa kuniuliza kama nimekula kabla sijamaliza shikamoo yangu. "Marahaba, marahaba, kaa. Ushakula weye? Huyu mwanangu anawatesa watoto wa watu na njaa." Chumba cha chini, ambamo Bi. Time alilala kwa kuwa magoti hayakumruhusu tena kupanda, kilikuwa na dari la boriti nyeusi, kitanda cha besera chenye nguzo nne na pazia, na ukuta mmoja mnene uliokuwa ukitoa jasho. Chini yake chokaa ilikuwa imebanduka, na chumvi ilikuwa imeota juu yake kama unyoya mweupe. Kila asubuhi Bi. Time aliifagia kwa ufagio mdogo wa chelewa na kuitupa nje kizingitini. Zamani, alinieleza, kila mwaka ulipoingia mwezi wa Shaaban wanaume wa nyumba hiyo walipaka chokaa kuta zote, nje na ndani, ili Ramadhani iwakute wakiwa weupe. Wanaume walipohama mmoja mmoja, chokaa nayo ilisimama. "Sasa namfagilia mwenyewe," alisema, akiupiga ukuta kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

Tulikwenda pale kila wiki. Dk. Ruzuna alikuwa na njia yake ya kuuuliza ukuta: karatasi nyeupe ya kuchujia iliyochovywa katika maji ya chumvi ya kobalti, ikakaushwa tanurini mpaka ikawa buluu kama anga la kiangazi. Tuliibeba ndani ya chupa iliyozibwa kabisa, tukaibandika ukutani na kuifunika kwa plastiki angavu iliyozungushiwa utepe, hewa ya nje isiiguse. Ukuta ukiwa mkavu karatasi hubaki buluu. Ukiwa na maji hugeuka waridi. Mara ya kwanza iligeuka mbele ya macho yetu, kabla Bi. Time hajamaliza kumimina chai. "Alaa!" alisema, akaliacha birika. "Mmemwambia nini ukuta wangu mpaka kaona haya?" Tukacheka, hata Dk. Ruzuna ambaye kicheko chake kilikuwa adimu. Toka siku hiyo kila tukifika Bi. Time aliuliza, "Leo mwari wangu kaona haya?" na alihuzunika kidogo karatasi ilipochelewa kugeuka. Mara moja alimwuliza binti yake, safari hii bila mzaha, kama ukuta ule ni mgonjwa. Nakumbuka jawabu alilopewa, kwa kuwa nililiandika katika kichwa changu na halijatoka. "Mama, huu unanyonya maji chini kwenye ardhi, unayatoa hapa juu kwa jasho. Maadamu unatoka jasho, u mzima. Siku ukiacha ndiyo uogope."

Mpango wake ulikuwa huu: kukisafisha chumba kile kwa mkono, kuikwangua chokaa iliyokufa, kuipaka upya kwa tabaka nyembamba nyembamba za chokaa iliyolazwa majini kwa miezi, kila tabaka ikisubiri ya chini yake iwe tayari, na kuupima ukuta kwa karatasi zetu kabla na baada, masika na kiangazi. Chumba kimoja tu, kinacholaliwa na mtu. Hilo lingekuwa lile jengo halisi ambalo kila mtu alimwambia hana. Chokaa tayari ilikuwa imelazwa kwenye mapipa chini ya ngazi za maabara, laini kama siagi, na kila nilipopita niliifunika vizuri kana kwamba ni mtoto aliyelala. Sitaki kuficha kwamba tulikuwa na furaha. Miezi ile ya vuli ndiyo miezi pekee niliyowahi kumwona Dk. Ruzuna akiimba, polepole, bila maneno, akipima uzito wa vipande vya chokaa.

Kiangazi kilipoingia ndipo Mzee Nassor alipokuja na habari ya harusi. Alikuwa na duka la vitambaa Darajani na nyumba mpya ya matofali Mbweni, na alikuwa mtoto mwema. Hilo niliseme mapema, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa bila hilo habari hii haieleweki. Binti yake alikuwa anaolewa kabla ya Ramadhani, na kama ilivyo desturi ya ukoo wao, bi harusi angetolewa nyumba ya bibi yake. Wageni wangekuja mpaka kutoka Pemba. Tulikuwa tunakula mchana, sote wanne, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, kitambaa kimetandikwa chini ya ule ukuta wenyewe. Mzee Nassor alinyoosha kidole kwenye chumvi. "Hii aibu hii. Fundi nshamwambia, Jumatatu anaanza. Tunapiga saruji ndani na nje, tunatia rangi ya mafuta, kwisha."

Dk. Ruzuna aliweka chini tonge lake. Alianza kueleza. Alieleza kwamba saruji ni ngumu na haipitishi maji, kwamba unyevu uliokuwa ukitoka utafungiwa ndani, kwamba chumvi itakauka nyuma ya plasta na kukua na kusukuma, kwamba udongo na chokaa iliyo katikati ya mawe italainika. Alitumia maneno ya darasani. Alitaja kalsiamu, alitaja vinyweleo, alitaja mgandamizo. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kila neno, nikiona fahari, na sasa naona kwamba pale chakulani aliyefahamu alikuwa mimi tu, na mimi sikuwa na haja ya kuambiwa.

"Kwa hiyo mama alale na ukuta unaomwagika jasho mpaka lini?" aliuliza Mzee Nassor.

"Nipe mpaka baada ya masika, kaka. Chokaa yangu iko tayari. Nitaanza na chumba hiki, lakini haiendi mbio. Kila tabaka inataka wakati wake."

"Harusi haingoji chokaa, Ruzuna. Au unataka mama akohoe hapa mpaka wewe upate uprofesa?"

Bi. Time alimwekea mwanawe kipande kingine cha samaki, akamwekea na binti yake kipande kilicho sawa na kile. "Kuleni," alisema. "Ukuta wangu mimi. Nnaoulalia mimi. Nassor, mwanangu, dada yako umemvunjia adabu." Mzee Nassor akaomba radhi papo hapo, na aliomba kwa moyo, lakini lile neno lilikuwa limeshakaa. Dk. Ruzuna hakuutetea tena ukuta ule kwa nguvu zake zote. Nimefikiri sana juu ya hilo. Naamini kwamba tangu mchana ule hakuweza tena kusema "msitie saruji" bila ya kujisikia mwenyewe kwamba anaomba cheo. Aliomba jambo moja tu: fundi aache ukanda wa chini, wa kadiri ya goti, bila plasta, ili ukuta upate pa kupumulia. Fundi aliuacha. Kisha mke wa Mzee Nassor akaona ukanda ule unaiharibu sura ya chumba, ukafunikwa kwa vigae vyenye maua.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na ningekuwa mwongo nikisema vingine. Ukuta ulinyooka, ukang'ara kwa rangi ya maziwa, na Bi. Time kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliweza kuuegemea bila kanga yake kutoka na chumvi. Tulipokwenda siku mbili kabla ya harusi, Mzee Nassor alikuwa na bashasha. "Idrisa, hebu zilete zile karatasi zenu za uganga!" Nilimtazama Dk. Ruzuna, akanikubalia kwa kichwa. Nikabandika karatasi palepale tulipozoea. Tukasubiri. Chai ikamiminwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, na karatasi ikabaki buluu, buluu safi, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka tanurini. "Unaona?" alisema Mzee Nassor, na hakusema kwa kejeli, alisema kwa raha ya mtu aliyemtengenezea mama yake kitu. "Dawa yako mwenyewe imesema, Daktari. Mkavu!" Wanawake waliokuwa wakikunja nguo za harusi upande wa pili wakapiga vigelegele, wengine bila ya kujua wanapigia nini. Bi. Time akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Mwari wangu kaacha kuona haya," alisema. "Kashakuwa mtu mzima."

Karatasi ilikuwa imesema kweli, na ndilo jambo lililonifundisha kuliko yote niliyofundishwa. Juu palikuwa pakavu. Karatasi haikuulizwa habari za ndani. Tulipotoka uchochoroni, Dk. Ruzuna alikuwa akitembea mbele yangu, mkoba wake ameukumbatia, na alisema bila kugeuka, "Umemwona mama alivyofurahi? Mimi ningesema nini?" Nilitaka kumjibu kwamba angesema ukweli. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba hilo ni jawabu.

Shaaban iliingia pamoja na masika, na mwaka ule katika nyumba ile hakuna hata aliyezungumzia kupaka chokaa, kwa kuwa rangi ya mafuta haihitaji kupakwa kila mwaka. Mvua zilinyesha kwa namna ambayo huku kwetu watu huacha kuzitaja, wakawa wanasema tu "leo pia". Maji yaliingia juu, kwenye ufa wa paa ambao hapana nyumba ya zamani isiyokuwa nao, yakashuka ndani ya unene wa ukuta, na hayakuwa na pa kutokea, si ndani wala nje. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri jirani alimpigia simu Dk. Ruzuna tukiwa maabara. Nilimwona akisikiliza. Alisema "naam" mara kadhaa, akauliza, "Na mama?" kisha akaketi kwenye kiti ambacho hakikuwa chake.

Bi. Time alikuwa mzima. Alikuwa uani, jikoni, akimenya muhogo, wakati ukuta wa chumba chake ulipotoka tumbo na kumwagika uchochoroni. Nasema kumwagika kwa sababu ndivyo majirani walivyosema na ndivyo ulivyoonekana, mawe yakielea katika uji wa udongo na chokaa. Kitanda cha besera kilikuwa chini ya boriti mbili. Tulimkuta Bi. Time kwenye baraza ya jirani, kisu cha muhogo bado kiko mkononi. Mzee Nassor alikuwa ameketi katikati ya tope, na kanzu yake, amejishika kichwa. "Sijaumia, wallahi sijaumia," Bi. Time alikuwa akimwambia kila mmoja. Kisha akamwita mwanawe kwa ile sauti yake kubwa, "Nassor! Inuka mwanangu, unachafua kanzu."

Mimi nilikuwa natazama kipande kimoja cha plasta, kikubwa kama mlango, kilicholala chali juu ya kifusi chini ya ile sehemu ya dari iliyosalia. Upande wake wa nyuma, nilipoinama kuuchungulia ukingoni, ulikuwa ukitiririka maji, na chumvi imeshikana juu yake kwa unene wa kidole. Upande wa juu ulikuwa bado una rangi ya maziwa, na juu ya rangi hiyo, chini ya plastiki yake, utepe haujaachia, ilikuwepo karatasi yetu, ile ya siku ya vigelegele ambayo hakuna aliyekumbuka kuibandua. Ilikuwa bado buluu. Nilielewa papo hapo kwamba hilo ndilo jengo halisi, kwamba ushahidi kamili kuliko ule hatungeupata maishani, na kwamba kwa picha moja tu hakuna mtu katika chumba kile cha chai ambaye angecheka tena. Nikatoa simu yangu. Dk. Ruzuna akaja akaweka kiganja chake juu ya kioo cha kamera, taratibu kabisa.

"Usipige. Hicho ni chumba cha mama yangu."

"Daktari, lakini hii ndiyo—"

"Najua ni nini. Mimi najua kabla yako. Nikiiandika hii, Idrisa, kaka yangu atakuwa mfano. Wanafunzi watamsoma. Watu watasema dada kapata uprofesa kwa kifusi cha mamaake." Akaichukua simu, akaitia mfukoni mwangu yeye mwenyewe. "Niahidi hutaiandika. Mpaka mwenye nyumba mwenyewe akwambie."

Nikaahidi.

Bi. Time alihamishiwa Mbweni, nyumbani kwa mwanawe, chumba chenye feni, choo chake mwenyewe, na kuta za matofali ambazo hazikuwa na kosa lolote. Tulikuwa tukienda kumtazama. Hakulalamika. Alikula kidogo, akauliza habari za majirani wa Kiponda kwa majina, akasahau alichojibiwa akauliza tena. Siku moja alimwomba binti yake, "Niwekee na huku ile karatasi nimwone." Dk. Ruzuna alikuwa nazo mkobani. Tukabandika. Ilibaki buluu mchana kutwa, na Bi. Time, amelala ubavu, alikuwa akiitazama tu. "Basi huyu hana mtu ndani," alisema mwishowe, akageukia upande mwingine. Kipupwe kiliporudi, mwaka wa mkataba wangu ukielekea kwisha, alifariki. Daktari aliyeitwa alisema moyo. Sote tuliitikia.

Mapipa ya chokaa yaliyokuwa chini ya ngazi tuliyagawa kwa msikiti mmoja uliokuwa ukitengenezwa. Dk. Ruzuna aliendelea kufundisha, na mimi baada ya kwenda kusoma zaidi nilirudi nikafundisha kando yake. Akabaki mhadhiri mwandamizi mpaka ugonjwa ulipomchukua, na waliopewa uprofesa siku hizo walikuwa wanafunzi wake. Kila Ijumaa alikwenda Mbweni kula na kaka yake. Mara nyingine nilikwenda naye. Mzee Nassor alimpa kichwa cha samaki kila mara, alimpakulia yeye mwenyewe, na walizungumza habari za watoto, bei ya vitambaa, maradhi ya watu. Nyumba ya Kiponda haikutajwa hata siku moja. Niliuona ule kuwa msamaha, tena msamaha mkubwa kuliko niliowahi kuushuhudia, na nilimheshimu Dk. Ruzuna kwa hilo kiasi cha kukaribia kumwogopa.

Hitimani nilijua kwamba nilikosea. Baada ya watu kutawanyika, Mzee Nassor alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba alichofia mama yake. Ukutani ilikuwepo bado ile karatasi, imefifia ikawa kama majivu, plastiki imekunjamana. "Dada yangu alikula kwangu miaka yote," alisema. "Hakuniambia hata mara moja, 'Nassor, nilikwambia.' Hata mara moja, Idrisa. Nilikuwa nakaa nangojea. Kila Ijumaa nasema leo atasema. Angenitukana, wallahi, ningelala." Akaugusa ule utepe, hakuubandua. "Sasa jirani yangu pale Kiponda, juzi namwona kaleta mifuko ya saruji mlangoni. Nikamwambia, usifanye. Akaniambia, Mzee Nassor, kwani weye mkemia? Ndiyo nakwambia iandike."

Nimejiuliza, tangu siku ile, kama ahadi yangu ilikuwa haki. Niliitoa ili kumlinda mtu mmoja na aibu, na mtu huyo hakulindwa; na kwa muda wote nilioishika, kuta nyingine zimepigwa saruji na watoto wengine wema, wanaowapenda mama zao, ambao nilipita milangoni mwao nikawapa salamu. Nilikuwa na kanuni za kuwaeleza na sikuwa na ruhusa ya kuwasimulia. Dk. Ruzuna aliamini kwamba kuna kweli ambayo mtu hana haki ya kuitumia kwa faida yake, na bado naamini alikuwa sahihi. Lakini kweli ile haikuwa yake peke yake, wala yangu. Vile vichupa vyake viwili, cha kijani na cha zambarau, sasa viko mezani kwangu. Nilipewa droo ile ilipofunguliwa. Navitazama ninapoandika haya. Vilivyomo ni vilevile.

Basi nina ombi moja, na naliomba kwa niaba ya mwenye nyumba. Kama kwenu kuna ukuta wa mawe na chokaa, na unatoka jasho, na chumvi inakuchukiza, usiupige saruji. Ufagie. Upake chokaa Shaaban ikiingia. Na kama umeshaupiga, hata kama ni mkavu ukiushika, hata kama mama amefurahi, tafadhali ibandue saruji hiyo kabla ya masika.